Jinsi ya Kufuatilia Meli Ndogo ya Mwambao ya Shehena Kichele na Kuzijua Sifa Zake

Meli ndogo za mwambao zinazobeba ngano, chumvi, mbolea, makaa au kokoto zilizomwagwa tumboni bila magunia wala makontena hufanana sana. Nyingi zina urefu wa mita 80 hadi 90, chumba cha usukani kiko nyuma kwenye tezi, na mbele yake kuna tumbo moja au mawili. Huuzwa na kununuliwa, hupakwa rangi mpya, hubadilishwa jina na bendera, na jina moja huweza kubebwa na meli kadhaa kwa wakati mmoja. Anayelitegemea jina peke yake ni rahisi kujikuta akifuatilia meli ya watu wengine kwa wiki nzima bila kujua. Ndiyo maana kazi hii huanzia kwenye namba.

Pata namba ya IMO kwanza, kisha ihakiki

Namba ya IMO, yaani ya Shirika la Kimataifa la Bahari, ina tarakimu saba. Meli hupewa mara moja, na namba hiyo hubaki nayo hadi siku inapokatwakatwa kuwa chuma chakavu, hata ikiuzwa mara kumi. Tangu 1 Januari 1996 ni ya lazima kwa meli za mizigo za safari za kimataifa zenye GT 300 au zaidi (GT ni kipimo cha ukubwa wa meli kinachotokana na ujazo wake). Namba hiyo huwekwa kwenye chuma chenyewe cha meli, ubavuni, kwenye tezi au kwenye jengo la juu, kwa herufi zisizopungua sentimita 20 kwenda juu. Ukiwa na picha nzuri ya tezi, itafute hapo chini ya jina na bandari ya usajili. Mara nyingi utaliona pia jina la zamani, limetokeza kwa kulehemewa chini ya rangi mpya.

Namba hii ina njia ya kujikagua. Zidisha tarakimu sita za mwanzo kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mfuatano, kisha jumlisha. Tarakimu ya mwisho ya jumla hiyo lazima iwe sawa na tarakimu ya saba. Tuchukue 9074729: 63 + 0 + 35 + 16 + 21 + 4 = 139. Jumla inaishia na 9, na tarakimu ya saba ni 9, basi namba ni sahihi. Hesabu hii hukamata makosa mengi ya kunakili, lakini si yote: 6 iliyosomwa kuwa 8 kwenye picha yenye ukungu hukamatwa, isipokuwa ikiwa ni tarakimu ya tatu.

MMSI ni kitu kingine. Ni namba ya redio yenye tarakimu tisa, na tatu za mwanzo huonyesha bendera: 244 ni Uholanzi, 257 ni Norway, 304 na 305 ni Antigua na Barbuda. Meli ikibadili bendera, MMSI hubadilika, na ishara yake ya wito (jina lake la redio) pia. Matokeo yake historia ya safari hukatika ghafla, na tovuti nyingine huonyesha kurasa mbili kana kwamba ni meli mbili. Ukiona meli "imepotea" siku moja kabla ya nyingine ya vipimo vilevile "kuzaliwa" katika bandari hiyohiyo, linganisha namba za IMO kabla ya kuwaza mengine.

Meli iliyo chini ya GT 300 huenda isiwe na namba ya IMO kabisa. Hapo shika MMSI, ishara ya wito na sajili ya nchi yake, na uyaandike yote matatu, kwa sababu lolote kati yake linaweza kubadilika.

Ukishapata namba, fungua Equasis, hifadhidata ya bure inayohitaji kujisajili tu. Humo utakuta majina na bendera za zamani, kampuni inayoiendesha meli, taasisi ya uainishaji (inayokagua ujenzi na uimara wa meli) na kaguzi za bandarini pamoja na kasoro zilizokutwa. Hifadhidata ya IMO yenyewe, GISIS, nayo ni ya bure na inafaa kwa kuthibitisha. Kisha nenda kwenye sajili ya taasisi ya uainishaji, kama DNV au Bureau Veritas: huko vipimo vimeandikwa na waliokagua meli. Tovuti za ramani kama MarineTraffic na VesselFinder zifuate baadaye, kwa ajili ya mahali meli ilipo.

Ujue kila habari ya AIS imetoka wapi

Hapa ndipo wengi hukosea. Chombo cha AIS, mfumo ambao meli hujitambulisha wenyewe, hurusha habari kwa redio ya VHF kwenye masafa ya 161.975 na 162.025 MHz, na ukurasa wa tovuti huzipanga zote kwenye jedwali moja kana kwamba zina uzito sawa. Hazina. Nyingine hutoka kwenye vipimaji, nyingine ziliingizwa na fundi siku chombo kilipofungwa, na nyingine huandikwa na ofisa wa zamu kwa vidole vyake.

Za vipimaji ni mahali, mwendo na njia meli inayokwenda. Hizi hutoka GPS na kwa kawaida ni za kuaminika. Mwelekeo wa omo (sehemu ya mbele ya meli) hutoka kwenye dira, na si lazima ulingane na njia: meli tupu yenye upepo mkali ubavuni huweza kuelekeza omo nyuzi kumi kando ya njia inayopita. Kipimaji kikikosa jibu, chombo hurusha thamani maalumu ambazo baadhi ya tovuti huzionyesha kama zilivyo. Latitudo 91 au longitudo 181 ina maana mahali hapajulikani. Mwendo wa 102.3 maana yake hakuna kipimo, mwelekeo wa 511 maana yake dira haijaunganishwa, na njia ya 360.0 vivyo hivyo haina habari.

Meli iliyo safarini kwa mwendo usiozidi noti 14 (maili 14 za baharini kwa saa), ambao ndio wa meli hizi, hurusha mahali pake kila sekunde 10, na kila sekunde tatu na theluthi ikiwa inageuka. Ikiwa imetia nanga au imefungwa gatini, na ofisa ameweka hali hiyo kwenye chombo, hurusha kila dakika 3. Habari za jina, vipimo na safari hurushwa kila dakika 6. Kwa hiyo alama mpya kwenye ramani huweza kukaa dakika kadhaa ikiwa na MMSI tu bila jina, na hiyo si hitilafu.

Za fundi ni MMSI, namba ya IMO, jina, ishara ya wito, aina ya meli na vipimo. Vipimo havirushwi kama urefu na upana. Hurushwa umbali minne kutoka kwenye antena: hadi omo, hadi tezi, hadi ubavu wa kushoto na hadi ubavu wa kulia, kwa mita kamili. Tovuti hujumlisha miwili miwili. Fundi akiibadilisha omo na tezi, urefu utabaki sahihi, lakini meli itachorwa kwenye ramani ikiwa imepanda juu ya gati au iko nje ya kituo chake. Meli ya mita 88.6 itaonekana ya 88 au 89. Tofauti ya mita moja haina neno. Ikifika mita tano, shuku kwamba namba iliyoingizwa ni ya meli nyingine.

Kuhusu aina ya meli, usitarajie kuona neno la shehena kichele. Misimbo ya AIS ya 70 hadi 79 husema "mizigo" tu. Hata kwenye Equasis, meli nyingi zinazobeba nafaka na kokoto mwaka mzima zimesajiliwa kama meli za mizigo mchanganyiko, kwa sababu tumbo lao lenye umbo la sanduku huchukua pia mbao, chuma na mabomba. Ukichuja orodha kwa aina ya "meli ya shehena kichele" utabaki na meli kubwa, na hizi ndogo zitakupita.

Za vidole ndizo za kuangaliwa kwa jicho kali: hali ya safari, kina (jinsi meli ilivyozama majini), bandari inakokwenda na saa ya kufika. Meli inayoenda noti 9 ikiwa imeandikwa "imefungwa gatini" ni jambo la kila siku, maana ofisa amesahau kubonyeza. Amini mwendo, si hali. Sehemu ya bandari ina nafasi ya herufi 20 tu. IMO inapendekeza kutumia misimbo ya Umoja wa Mataifa yenye herufi tano, kwa hiyo DEHAM>NLRTM ni kutoka Hamburg kwenda Rotterdam. Lakini utakuta vifupisho vya kila namna, bandari ya safari iliyopita, au neno ORDERS, ambalo maana yake meli inasubiri kuelekezwa na mwenye kuikodi. Saa ya kufika huandikwa kwa saa za UTC (saa za kimataifa), na wapo wanaoandika saa za nchi kavu kwa makosa.

Ni salama zaidi kuihesabu saa ya kufika mwenyewe. Pima maili za baharini zilizobaki kwa njia ambayo meli hupita kweli, ukizunguka rasi na maji mafupi, kisha gawanya kwa wastani wa mwendo wa saa sita zilizopita. Maili 180 kwa noti 9.5 ni karibu saa 19. Usitumie mwendo wa dakika hiyo moja: mwendo wa GPS umebeba mkondo ndani yake, na pale maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu unaweza kupanda au kushuka noti mbili bila injini kuguswa. Upepo wa omo huumiza meli ndogo kuliko kubwa. Yenye kasi ya noti 11 kwenye karatasi huweza kushuka hadi 6.

Meli ikitoweka kwenye ramani

Sababu ya kwanza ya kuichunguza ni umbali. Mawimbi ya VHF huenda kwa mstari ulionyooka na kuishia karibu na upeo wa macho. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena ya meli na cha antena ya nchi kavu, kwa mita, vijumlishe, kisha zidisha kwa 4.12. Jibu ni kilomita. Antena ya meli ikiwa mita 16 juu ya maji na ya kituo mita 25, ni (4 + 5) × 4.12, yaani kilomita 37, sawa na maili 20 za baharini. Mwambao usio na vituo karibu, au wenye milima inayoingia baharini, una mapengo ya kudumu. Chora njia za meli nyingine zilizopita hapo wiki hiyo. Nazo zikikatika mahali palepale, hakuna aliyezima chochote.

Setilaiti hujaza pengo, ila huona eneo kubwa mno kwa mara moja. AIS hugawa kila dakika katika nafasi 2,250 kwa kila chaneli, na meli hupangiana nafasi hizo na jirani zinazosikiana. Setilaiti husikia maelfu ya meli zisizosikiana, na ujumbe hugongana. Penye msongamano, meli ndogo huweza kupita saa nyingi bila kuonekana kutoka juu. Hali huwa ngumu zaidi kwa chombo cha daraja B, ambacho vyombo vidogo visivyobanwa na sheria hutumia. Hicho hurusha kwa wati 2 au 5, wakati daraja A hutumia 12.5, na hakitoi kina wala bandari inakokwenda.

Kuna pia GPS kuvurugwa, jambo la kawaida sasa katika Bahari ya Baltiki, Bahari Nyeusi na mashariki ya Mediterania. Dalili ni meli kuruka kilomita mia kwa dakika moja, kuzunguka duara kamili juu ya kiwanja cha ndege, au kwenda noti 60. Futa alama hizo kabla ya kupiga hesabu yoyote ya umbali. Na nahodha anaruhusiwa kuzima AIS pale anapoona usalama wa meli uko hatarini, mradi aandike sababu kwenye kitabu cha kumbukumbu. Pengo peke yake halithibitishi hila.

Kusoma sifa za meli

GT si uzito. Hutokana na ujazo wa sehemu zote zilizofungwa: ujazo kwa mita za ujazo huzidishwa kwa kizidishi ambacho ni 0.2 kujumlisha 0.02 mara logi (ya msingi 10) ya ujazo huo. Meli yenye mita za ujazo 10,000 ina kizidishi cha 0.28, hivyo GT yake ni 2,800. Utaona nyingi zimekomea GT 2,999 au chini kidogo, na hilo ni la makusudi. Kwenye 3,000 masharti hubadilika, kuanzia ngazi ya vyeti vya maofisa hadi ulazima wa kifaa cha kurekodi safari.

DWT ndiyo uzito ambao meli inaweza kubeba, lakini ndani yake mna mafuta, maji ya kunywa, vyakula na watu. Kwa meli ya DWT 3,700, toa tani 150 hadi 200 kabla ya kutaja shehena. Kisha angalia ujazo wa tumbo, kwa sababu shehena nyepesi hujaza tumbo kabla ya kufikisha uzito. Tuseme tumbo lina mita za ujazo 5,000. Tani moja ya ngano huchukua takriban mita za ujazo 1.3, basi tani 3,500 zinahitaji 4,550 na zinaingia. Shayiri huchukua karibu 1.5: tumbo hujaa kwenye tani 3,333 hata kama kina bado kinaruhusu. Kokoto huchukua karibu 0.65, tani zote 3,500 hukaa kwenye mita za ujazo 2,275, na tumbo huonekana nusu tupu. Ujazo ukiandikwa mara mbili, mmoja wa nafaka na mwingine wa marobota, chukua wa nafaka. Ule mwingine ni mdogo, kwa kuwa marobota hayaingii kwenye pembe na kati ya mbavu za meli.

Shehena nzito ina kikomo kingine, nguvu ya sakafu ya tumbo. Ikiwa ni tani 15 kwa mita ya mraba, madini ya chuma yanayochukua 0.4 kwa tani yasipande zaidi ya mita 6 (15 × 0.4). Sifa hii haimo kwenye tovuti za ramani. Itafute kwenye karatasi ya maelezo ya mwenye meli, pamoja na ukubwa wa milango ya tumbo, kuta za kuhamishika, kimo kutoka majini hadi ncha ya mlingoti kwa ajili ya madaraja, na kama meli ina kreni zake au ekskaveta inayotembea juu ya kingo za tumbo. Meli yenye ekskaveta hupakua kokoto mahali ambapo gati halina kitu chochote, na hilo hubadilisha kabisa orodha ya bandari inazoweza kwenda.

Sasa kina. Watu hupenda kukisia shehena kutoka kwenye kina cha AIS, na inawezekana kwa uangalifu. Zidisha urefu wa meli kwenye mstari wa maji, upana wake, na 0.88 kwa meli hizi zilizojaa umbo. Mita 85 × 12.5 × 0.88 ni mita za mraba 935. Zidisha kwa 1.025 ya maji ya chumvi, gawanya kwa 100: tani 9.6 kwa kila sentimita. Yaani tarakimu ndogo kabisa ya kina kwenye AIS, sentimita 10, ni karibu tani 96.

Meli ikiingia na kina cha 3.2 na kutoka na 5.4, tofauti ni sentimita 220, sawa na tani 2,112. Kosa la kawaida ni kusema hiyo ndiyo shehena. Meli tupu huingia na maji ya farumi, yaani maji ya kuiongezea uzito, ili rafadha (panga la kuisukuma meli) izame na omo isipigwe na mawimbi, na farumi hiyo hutolewa wakati wa kupakia. Ikiwa ilikuwa tani 1,300, shehena ni karibu 3,400. Jumlisha farumi kila mara, na uchukue jibu kama makadirio, maana kwenye kina kidogo meli huwa nyembamba zaidi omo na tezi, na tani kwa sentimita hupungua. Bandari ya mtoni nayo ina lake: maji baridi huizamisha meli hii sentimita 12 au 13 zaidi kwa uzito uleule. Na kina kisipobadilika kabisa baada ya siku mbili chini ya kreni, ofisa hajaandika kipya. Tafuta picha ya namba za kina kwenye omo na tezi.

Kipokezi chako mwenyewe

Kama meli hupita ndani ya maili 15 au 20 kutoka ulipo, kipokezi cha RTL-SDR cha kuchomeka kwenye USB, programu ya AIS-catcher na ramani ya OpenCPN vinatosha. Chaneli zote mbili ziko jirani, kwa hiyo kifaa kimoja huzisikia pamoja.

Antena rahisi ni fimbo iliyosimama wima ya sentimita 44 hadi 46, robo ya wimbi, na fimbo nne za urefu huohuo chini yake zikiinama nyuzi 45. Ipandishe juu kabla ya kufikiria kununua kikuza mawimbi. Kebo ya RG-58 hupoteza karibu desibeli 2 kwa mita 10, yaani zaidi ya theluthi ya nguvu, hivyo ni bora kuweka kipokezi karibu na antena na kurefusha waya wa mtandao. Ukipata ujumbe mchache kutoka kwa meli unazoziona kwa macho, rekebisha kwanza kupotoka kwa masafa: kosa la sehemu 50 kwa milioni ni zaidi ya kilohezi 8, na chaneli nzima ina 25. Kisha zima chaja na taa za LED zilizo karibu, moja baada ya nyingine, ukitazama idadi ya ujumbe kwa dakika.

Weka daftari la kila safari: saa ya UTC ya kung'oa nanga na ya kufunga gatini, kina cha kuingia na cha kutoka, na gati lenyewe, kwa sababu gati la maghala ya nafaka na gati la kokoto hukwambia shehena kuliko neno lolote kwenye AIS. Andika na hali ya hewa. Nafaka, mbolea na saruji hazipakuliwi mvuani: vifuniko vya tumbo hufungwa na kazi husimama. Meli iliyokaa gatini siku nne badala ya mbili, kina chake kikiwa palepale, itazame kwanza pamoja na mvua ya siku hizo kabla ya kuandika kwamba imeharibika injini au imezuiwa na wakaguzi. Kuzuiwa kutaonekana kwenye Equasis.